Kompyuta Niliyoifunika Kanga

Nasra mwanangu,

Salamu zangu utazikuta chini ya begi, ndani ya sweta, pahala ambapo hutofika mpaka ukiwa kwa watu na baridi imekushika. Nnaandika saa hii ya alasiri kwa sababu hupo. Umekwenda Uroa kumuaga bibi yako, na nyumba imenyamaza. Kesho unapanda ndege ya India kwenda kusoma. Mambo ya kula, ya kuvaa, ya kusali kwa wakati, ya kutompa mtu pasi yako hata akikuchekea vipi, hayo nshakwambia mpaka ukaziba masikio. Siyarudii. Nnataka kulirudia lile la jana, maana jana nlilijibu vibaya.

Tulikuwa tukikunja nguo, wewe kitandani, mie chini mkekani. Ukaniuliza bila ya kunitazama, "Mama, na nikishindwa huko?" Mie nkajibu upesi, kama mtu anayefukuza nzi: "Kwetu hakuna kushindwa. Nshawaambia watu." Ukasema, "Haya mama," ukashika shati jengine.

Basi hiyo "haya" haijanitoka. Na sikulia. Najua umeliona hilo pia, na pengine limekuuma. Bi Zuhura wa jirani kalia tangu juzi, na wewe si mwanawe, anakopa tu machozi. Mie nimekaa kama mguu uliokaliwa vibaya: unauona upo, ukiugusa si wako. Napika, natia chumvi, na chumvi iko sawasawa, maana mie hata nikiwa maiti mchuzi wangu hautozidi chumvi. Lakini sihisi kitu. Nimetazama begi lako lililofungwa, nimetazama kitanda chako, nimetazama ule ukuta ulioubandika mapicha yako ya mashine. Hakuna kilichokuja. Ndo maana nimeshika kalamu. Labda mkono utajua kitu ambacho kifua hakijui.

Unanijua mamaako, mie ni mtu wa kujisifu. Sikuzaliwa hivyo. Nlipoolewa na baba yako, Mungu amrehemu, nlitoka Uroa na darasa langu la saba na miguu yangu ya mchanga, nkaingizwa kwenye nyumba hii ya mawe, Mkunazini. Babu zake walikuwa na mashamba na watu wa kuwatumikia. Nlipofika mie kulikuwa kumebaki mlango mkubwa na jina. Lakini jina nalo zito, mwanangu! Wanawake wa uchochoro huu walikuwa wakinisalimu kwa pua. "Yule wa shamba," ndilo lililokuwa jina langu. Nkikaa nao barazani, wakizungumza vyombo vya bibi zao, mie sina la kusema ila samaki. Basi nkajifunza kusema kabla sijaulizwa. Mkate wangu wa kumimina unaumuka kuliko wa yeyote. Hina yangu haitoki. Na ulipozaliwa wewe nkapata la kusema mpaka mwisho wa umri wangu. Nasra katambaa mapema. Nasra kahitimu juzuu. Nasra wa kwanza darasani, na yule wa pili hamuoni hata kisogo.

Na sifa nyengine zilikuwa za kweli, tena nyingi. Sikusema uongo. Nlisema kwa sauti tu.

Mjomba wako Seif alipoleta yale makorokoro ya mtumba kutoka Dubai, watu wote tuliona mabati na nyaya. Wewe ukaona kompyuta. Ukakaa nayo chumba cha juu, bisibisi mdomoni kama fundi cherehani na pini zake, mpaka ikawaka. Kisha ukanieleza lile jambo ambalo bado nalielewa kwa maneno yako mwenyewe tu: kwamba ndani yake mna kidude kama biskuti, prosesa, ndicho kinachofikiri, na kiwandani hupangiwa mwendo wake. Na kwamba mtu akijua pa kuingia, anaweza kukipandisha kikaenda mbio kuliko kilivyopangiwa. Ukaingia kwenye ule ukurasa wa buluu, ukapandisha hatua moja, ukangoja. Hatua nyengine, ukangoja.

Mie sikungoja. Nlishuka ngazi kandambili zinapishana.

"Zuhura! Njoo usikie! Kompyuta ya Nasra inakwenda mbio kuliko alivyoitengeneza aliyeitengeneza!"

"Kwani huyo Mzungu alikuwa hajui?"

"Alikuwa hajui! Kaificha nguvu nyengine, au kaisahau. Mwanangu kaiona."

"Haya, mshamba kazaa Mzungu," akasema, akacheka, na mie nkacheka. Miaka kumi na zaidi kabla yake neno hilo lingenichoma. Siku ile nlilivaa kama kidani.

Siku ya pili yake ukawa unatoka kwenda Darajani. Kaskazi imepamba moto, dirisha wazi, umeme kwa bahati upo. Ukanambia, "Mama, hii naiacha imewashwa. Usiiguse."

"Inafanya nini?"

"Nnaipa mtihani. Inahesabu kwa nguvu zake zote, bila kupumzika, mpaka nitakaporudi."

"Inahesabu nini?"

"Hesabu tu, mama. Majibu yake yanajulikana."

"Kama yanajulikana, inahesabu ya nini?"

"Nnataka nijue itakosea wapi. Na hii namba hapa pembeni ndiyo joto lake. Haitakiwi kupanda sana."

Nkasema sawa. Ulipopinda kona tu, nkawaita wale wa barazani.

Walikuja watano, buibui zao zinasugua ngazi zote. Nkawapanga mbele ya meza kama mwenye maonyesho. Kwenye kioo zinapita namba, namba, namba.

"Ala! Haina picha?" akauliza Bi Zuhura.

"Inahesabu."

"Inahesabu nini?"

"Mambo yake," nkasema, maana jawabu lako nlishalisahau.

Wakakubali. Kitu usichokielewa hukibishii. Lakini mmoja wao, sitomtaja, wakati wa kushuka alisimama akakisifu kile kisanduku. Akakisifu tena. Akasema hajapata kuona maishani mwake, na kwa msichana peke yake! Na katika yote hayo, neno "mashaallah" halikumtoka mdomoni. Nlimngoja mpaka chini mlangoni. Hakulisema.

Sasa nambie, mie ningefanyaje? Nlipanda juu nkachukua kanga yangu nzuri, ile ya sikukuu, nkakifunika kisanduku juu mpaka chini, nkachomeka pembe kama namfunika mtoto wa arubaini. Nkaleta chetezo kina makaa, nkatia ubani, nkakiweka chini ya meza. Nkasoma nlichokuwa nacho. Kisha nkavuta kiti nkalinda. Feni yake ikaanza kuvuma, mara kama nyuki, mara kama nyuki ndani ya mtungi. Nkasema moyoni, aha, ubani umeshamfikia hasidi. Nkaongeza makaa. Ikavuma zaidi. Kisha pap. Kimya. Kioo cheusi.

Ulirudi ukasimama mlangoni. Ukaona kanga. Ukaona moshi. Ukaniona mie na chetezo mkononi.

"Mama, umeifukiza?"

"Nimeikinga!"

"Mama, umeioka!"

Nlikuwa nangoja ukasirike. Ukakaa chini ukacheka mpaka ukashika mbavu, na mie sijui nicheke au nilie kwa kuwa nimeua mali. Ukaitoa kanga, ukatia mkono kwenye lile bati la mbavumbavu linalokaa juu ya prosesa, ukautoa upesi. "Afadhali imezima yenyewe," ukasema.

"Afadhali nini, na imekufa?"

"Haijafa. Ikizidiwa na joto hujizima ili isiungue. Ngoja ipoe."

Ikapoa, ikawaka. Mie nkawa nshapata la kusimulia. Lakini wewe ukainamia kioo, na kicheko kikakutoka. Ukanionesha mstari mmoja. Kabla ya kuzima, ilikuwa imekosea hesabu moja.

"Kanga yangu hiyo," nkasema.

"Pengine."

Kesho yake ukaipa mtihani tena, bila kanga, bila ubani, na mie nimefungiwa jikoni. Ikakosea tena, na joto lake wala halikupanda sana. Hapo ndipo uliponambia maneno ambayo nlidhani nimeyasahau. Ulisema, "Kuzima si tatizo, mama. Ikizima nnajua imechoka. Tatizo ni hili: imekosea na imeendelea. Feni inazunguka, taa inawaka, mtu akiitazama anaona nzima. Kumbe jibu silo." Ukasema unairudisha chini hatua moja, kwa sababu pale juu haiwezi.

"Nani kasema haiwezi?" nkakujia juu. "Nshawaambia watu!"

"Watu hawatojua, mama."

"Mie ntajua."

Ukanitazama kidogo. "Haya mama," ukasema. Ukaiacha palepale juu.

Sasa haya yanayofuata wewe unayajua na mie nnayajua, ila hatujapata kuambiana. Bi Zuhura alipokuwa anamuoza mwanawe, kakupa wewe kazi ya kadi za mwaliko, majina yote, upande wa bibi harusi na upande wa bwana, watu wa Unguja na wa Pemba. Uliyaandika kutwa nzima. Siku ya kuyachapisha, faili halikufunguka. Majina yote yamepotea. Ukaenda kwa Bi Zuhura ukamwambia, "Nimeyafuta kwa bahati mbaya." Ukaanza upya dukani kwa watu, kwenye mashine ya watu, na mie nkakufokea kwenye ngazi, uchochoro mzima unasikia: "Mtu na akili zako unafuta kazi ya wenzio?" Ukasema nini? Ukasema, "Haya mama."

Zikapita siku, Seif akaja kula mchana hapa. Akauliza tu, anachambua samaki, "Nasra ile prosesa kaishusha mwendo, au bado inampotezea mafaili?" Nkamuuliza mafaili gani. Akanambia, yale ya kadi. Nkaendelea kupakua wali. Nkampakulia mpaka akasema, "Dada, basi, sahani imejaa."

Kwa hivyo ulikubali uitwe mzembe ili mie nisiitwe muongo.

Sikukwambia pole. Kilichonitoka, siku moja nikiwa jikoni, ni kupiga ukelele tu: "Nasra! Ishushe hiyo kompyuta, umeme wenyewe siku hizi mbovu!" Ukajibu "Naam" kutoka juu, ukaishusha, na kutoka siku hiyo haikukupotezea kitu. Umeme ukabeba lawama. Umeme wa kwetu unabeba mengi.

Jana ulipouliza lile suali, na mie nkajibu lile jawabu, nlisikia sauti. Si yangu. Hiyo sauti naijua ilikotoka, na sijapata kumwambia mtu, hata baba yako.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nlishindwa. Nakwambia hivyohivyo, nlishindwa. Hapana aliyenipiga. Bibi yako mzaa baba hakunitukana. Alikuwa anapita tu mbele yangu kama ninavyopita mie mbele ya kiti. Siku moja nkatia nguo zangu kwenye kikapu, nkapanda gari, nkaenda zangu Uroa. Mama alikuwa uani anasuka ukili. Aliponiona kafurahi, halafu akakiona kikapu.

"Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kukaa, mama."

Aliinuka, akanivuta ndani, akafunga mlango. Mchana ule, jua limewaka, mlango ukafungwa. "Nani kakuona njiani?" Ndilo la kwanza aliloniuliza. Mama alikuwa kawaambia watu wote kuwa mwanawe anakaa ghorofani, mjini, na maji yanamjia ndani. Alikuwa keshazoea kutangulizwa kwenye shughuli za watu kwa ajili ya ghorofa yangu. Akanipa wali na changu wa kukaanga, nkala nimesimama. Kisha akanipitisha nyuma ya majumba, baina ya minazi, mpaka barabarani. "Rudi mwanangu," akasema. "Mie nshawaambia watu."

Nlipanga nlie nikifika ndani ya gari. Wallahi nlipanga. Gari ikafika mjini mie bado najitayarisha. Nkaingia nyumbani, nkamsalimia mkwe, "Shikamoo," nkafunga kanga kiunoni, nkaosha vyombo. Na tangu siku hiyo nikawa hodari. Nlipomzika baba yako watu walisema, "Rukia ana moyo wa chuma, hata tone!" Na mie, unanijua, nkaichukua hiyo nayo nkajisifia. Kumbe mwanangu, mtu anaweza kupika, kuzaa, kuzika, kucheka barazani, taa inawaka, na jibu silo. Usinicheke kwa kujifananisha na dude lako. Sina mfano mwengine, na huu umenipa wewe.

Leo uko na bibi yako. Usimuulize. Leo wala siku nyengine. Mie nlimchukia kwa muda, kisha nkachoka kumchukia, kisha nkawa yeye. Alikuwa hana cha kujisifia duniani ila mie. Ukiwa na kitu kimoja tu cha kujisifia, utakikamua. Hutokiuliza kama kinaumia.

Kwa hivyo nakujibu suali lako la jana. Ukishindwa, sema. Usinambie umefuta kwa bahati mbaya. Ukiona masomo yamekuzidi, shuka hatua moja, mie sitouliza nani kasema huwezi. Ukiona hata hapo hapakaliki, rudi. Huna haja ya kuniuliza, na huna haja ya sababu nzuri. Lakini rudi mchana, mwanangu. Pita Darajani, pita mbele ya baraza zote, na begi lako likiburutwa lipige kelele kwenye mawe. Akikuuliza mtu, mwambie nimekuja kukaa.

Usidhani nimetubu kujisifu. Siwezi, ntakufa nako. Bado nasema hakuna msichana Unguja hii mwenye kichwa chako, na huko India waangalie watajionea. Nnachotaka ujue ni kwamba hayo ni maneno yangu, ya kazi yangu, ya barazani. Usiyabebe wewe. Mzigo wako kwenye ndege una kiasi chake, na haya hayamo.

Nlikuwa nimefika hapa kuandika, Bi Zuhura akapiga hodi. Kaleta sahani ya visheti vyako vya safari, macho yamemvimba. Akakaa ngazi ya chini, akajifuta, akarudi kwenye mazungumzo yake.

"Ehe, shoga, akirudi tumwite nani sasa? Injinia Nasra?"

"Mwite Nasra."

"Na uinjinia wake?"

"Akiupata atakuja nao. Asipoupata, atakuja."

Akaniangalia. Akaweka sahani chini, akanigusa paji la uso kwa nyuma ya mkono.

"Rukia, huumwi wewe?"

"Siumwi."

"Maana mie ntatoka hapa, na wananiuliza huko nje. Niwaambie watu hivyohivyo ulivyosema?"

"Kawaambie."

Mungu akutangulie mbele na akufuate nyuma.

Aliyekuzaa,
Rukia